Mtumishi wa Honora Tuohy

Mafuta ya kondoo hayajui Jumapili. Ukiyaacha kwenye joto la Januari hapa Parramatta, hadi Jumatatu asubuhi yatakuwa yamewaita nzi wa mji mzima, na majirani watakuwa wameshakutukania mama yako. Honora Tuohy alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mishumaa yake ndiyo iliyowaka katika nusu ya nyumba za mtaa wetu. Kwa hiyo mchinjaji alipomletea Jumamosi jioni mapipa mawili badala ya moja, alisonya tu, na kesho yake kengele ya kanisa ilipoanza kulia akamwambia mumewe, "Pell, leo huendi kuhesabiwa. Baki ukoroge."

"Wakiniuliza?"

"Sema tumbo linakuuma."

"Tumbo liliniuma Pasaka. Hawatakubali matumbo mawili."

"Basi sema kichwa! Koroga, mwanaume, yanaungua hayo!"

Josiah Pell akakoroga, na huku akikoroga akaendelea kubisha. Ndivyo alivyoumbwa. Ukimwambia tambi za mishumaa zichovywe mara kumi, yeye atasema tisa zinatosha; ukikubali tisa, atakuuliza kwa nini si kumi. Honora naye alikuwa hakubali kushindwa, basi siku nzima tulikuwa tunawasikia kule kwenye banda lao la kuyeyushia mafuta wakirushiana maneno, na jioni tunawaona wamekaa kizingitini wanakunywa chai kwenye kopo moja. Watu wengine mapenzi yao ndiyo hayo.

Hapa pana jambo ambalo mgeni hulicheka, na acheke tu, sisi tumeshazoea. Pell alikuwa mume wa Honora, walifunga ndoa kanisani mbele ya padri. Lakini kwa sheria alikuwa mtumishi wake. Karibu mtaa wetu wote tulikuja koloni hili kwa meli za wafungwa, kwa gharama ya Mfalme, huyu kwa kuiba kondoo, yule kwa kuiba shuka. Honora alihukumiwa kwao Clare kwa ajili ya furushi la nguo za bibi mmoja. Miaka saba. Akaitumikia yote, mingine Kiwandani, kule wanakofungwa wanawake, mingine jikoni kwa watu, akatoka huru na alama za moto mikononi. Pell yeye alipewa kifungo cha maisha, na mfungwa wa kiume hakai hivihivi. Serikali humkabidhi kwa bosi amfanyie kazi. Na sheria haikukataza mke aliye huru kuomba akabidhiwe mume wake mwenyewe.

Akaomba, akapewa, kwa masharti yaleyale wanayopewa matajiri wenye mashamba. Amlishe, amvishe, usiku asitoke bila ruhusa, na kila Jumapili asimame uwanjani mbele ya kanisa ahesabiwe na wafungwa wenzake. Bosi akishindwa kumtawala mtumishi, serikali inamchukua. Na kuchukuliwa si jambo la mchezo. Ni minyororo miguuni na kupasua mawe kwenye barabara ya milimani, na waliorudi kutoka huko wengi wamerudi na kikohozi.

Mtaani tulilifanya mzaha. Dorcas Ablett, jirani yao muuza pai, ambaye alikuwa amefungwa Kiwandani pamoja na Honora, hakuna asubuhi aliyopita bila kupaza sauti pale uani: "Bosi! Jana usiku umemfanyisha kazi mtumishi wako mpaka saa ngapi? Mbona ana macho mekundu?"

"Ulizia pai zako, Dorcas, zimejaa mifupa!" Honora humjibu.

Na Pell hucheka, ananawa uso, anauliza kwa nini chai haijachemka.

*

Konstebo Ruddock alikuja kabla ibada haijaisha. Ruddock naye alikuja kwa meli kama sisi, lakini mtu akishapewa rungu husahau njia aliyojia. Wiki hiyo alikuwa amenunua buti mpya, na tulimsikia kabla hatujamwona.

"Pell! Umeitwa uwanjani, hukuitika."

"Nipo hapa," Pell akasema, bila kuacha kukoroga.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya bosi wangu."

Ruddock akacheka. "Bosi yupi? Huyo anayekufulia suruali?"

"Suruali nafua mimi. Zake na zangu. Bosi hana nafasi."

Wanawake waliokuwa wameegemea ua wakaangua kicheko, na Dorcas akapiga makofi kabisa. Laiti tungejua, tungenyamaza. Ruddock akawa mwekundu mpaka masikioni, akaingia bandani, akamshika Pell mkono, ule ule wenye upawa. Nani alivuta na nani alisukuma, hilo hata Mungu ataulizia mashahidi. Upawa ulipinduka na mafuta yakamwagika kwenye buti mpya za konstebo.

"Amenimwagia moto! Mmeona nyote! Amemshambulia askari!"

"Yangekuwa ya moto ungekuwa unaruka," Pell akabisha. "Hayo yamepoa. Ndiyo maana nilikuwa nakoroga."

Ruddock akaita wenzake, wakamfunga mikono, wakampitisha mbele ya kanisa wakati ule ule watu wakitoka, mabibi na miavuli yao, mabwana na minyororo ya saa. Honora aliwafuata mbio, kitambaa kimemwanguka, mafuta mpaka viwikoni, ameshika kofia ya mumewe. Hakujua kwa nini ameichukua. "Kofia yake!" alikuwa akisema. "Jamani, jua kali, mpeni kofia yake!" Mwanamke mmoja akavuta sketi yake kando asiguswe, na watoto wakaziba pua.

Hakuna aliyeipokea ile kofia. Akarudi nayo.

*

"Mimi ndiye niliyemwambia abaki," Honora alisema. "Nitakwenda kortini niseme hivyo. Ni kosa langu."

Dorcas alikuwa ameketi mbele yake, ameacha pai zake zinaungua, na Dorcas haachi pai ziungue kwa jambo dogo. "Sema," akamjibu. "Sema uone. Hakimu atakushukuru kwa ukweli wako, halafu atasema bosi anayevunja masharti hafai kupewa mtumishi. Utatoka na ukweli wako mkononi, Pell anapanda milima."

"Basi nitamwomba. Nitapiga magoti."

"Nora, nisikilize. Nimekuwa nikimwuzia yule karani wa korti pai, na karani ana mdomo. Huyu hakimu mpya, Thorley, hataki kabisa mambo ya mke kupewa mume. Anasema ni kuigeuza dunia miguu juu. Anatafuta mmoja tu wa kumfanyia mfano. Ukilia, amekupata. Mke hulia, bosi halii."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukakae kama bosi. Hujawahi kuwaona? Mimi na wewe tumewaona mpaka tumechoka." Dorcas akavuta kamasi, yeye ndiye alikuwa analia. "Nitakuazima kofia yangu ya majani na glavu, zifiche hiyo mikono. Ukiulizwa jina, sema Bibi Pell, mtengeneza mishumaa. Taratibu. Usiangalie chini."

"Bibi Pell, mtengeneza mishumaa," Honora akasema.

"Tena."

Akasema tena. Alifanya mazoezi siku nzima, akiyeyusha mafuta peke yake, maana mafuta yalikuwa pale pale hayana habari na shida za mtu. Jumanne asubuhi alipotoka na ile kofia ya majani, tulimwona amekuwa bibi haswa, tukamwambia hivyo, na yeye akatuambia tusimchekeshe.

*

Korti ilijaa. Mashahidi wa Ruddock walikuwa mbele, sisi wa mtaani nyuma kabisa, na kando ya dirisha walikaa mabwana wawili watatu wenye mashamba, waliokuja na kesi za watumishi wao wenyewe. Pell alisimamishwa kati ya askari wawili. Hakunyolewa ndevu, na shati lilikuwa lile lile la Jumapili.

Hakimu Thorley alikuwa kijana, ngozi bado haijaungua jua letu. Alisoma shtaka, kukosa kuhesabiwa na kumfanyia jeuri konstebo, kisha akainua macho. "Bosi wa mfungwa huyu yupo?"

Honora akasimama.

"Jina lako?"

Na yule mwanamke, aliyefanya mazoezi siku nzima, akanyoosha mgongo, akabana mikono ubavuni, akatazama ukuta, akasema kwa sauti kubwa, "Honora Tuohy, meli ya Almira, miaka saba!"

Loo! Kicheko kilichopasuka hapo, nadhani kilisikika mtoni. Sisi wa nyuma hatukucheka. Sisi tunajua. Kwa miaka yote ya kifungo kila mwenye mamlaka akikuuliza jina unajibu hivyo, jina, meli na miaka, asubuhi, jioni, mvuani, na usipojibu upesi unakosa mkate. Hata mimi leo, niamshe usingizini uniulize naitwa nani, nitakutajia meli.

Uso wa Honora uliiva chini ya kofia ya Dorcas. "Bibi Pell," akasema. "Mtengeneza mishumaa." Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Kumbe," hakimu akasema. Hakucheka, alitabasamu tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mfungwa amekabidhiwa mfungwa."

"Nilikuwa, mheshimiwa. Nimemaliza. Niko huru."

"Naona ulimi haujapata habari." Mabwana wa dirishani wakacheka tena. "Niambie, Bibi Pell. Nyumbani kwako, nani anamwamuru nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Na Jumapili ulimwamuru asiende kuhesabiwa? Konstebo anasema ndivyo mfungwa alivyodai."

Honora akamtazama mumewe. Pell alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi, na sisi tulioketi nyuma tukaelewa anamwambia adanganye.

"Sikumwamuru," Honora akasema.

"Basi anasema uongo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Watumishi ni waongo."

Bwana mmoja dirishani alitikisa kichwa kukubaliana naye, yamemfika huyo. Lakini hakimu alikuwa ameshachovya kalamu. "Maneno ni mepesi," akasema. "Ukweli wenyewe uko wazi. Mwanamke hamtawali mumewe, wala haifai amtawale. Namrudisha mtu huyu mikononi mwa serikali, na kwa kuwa amemgusa askari, ataanzia na—"

"Pell!"

Watu waligeuka. Hata mimi niligeuka nitazame nani ameingia, maana haikuwa sauti ya Honora. Ilikuwa kavu, nyembamba, haina haraka. Wale tuliopita Kiwandani tulihisi shingo zinasisimka. Tulikuwa na msimamizi kule, mwanamke wa makamo, aliyemnyoa Honora nywele zote kwa sababu aliimba wakati wa kusokota sufu. Ndivyo alivyokuwa akiita.

"Simama wima ninapokutaja," Honora akasema. "Nani alikuambia uegemee kizimba? Umekiona ni kiti?"

Pell akasimama wima.

"Buti za konstebo umezichafua, mpaka leo zina mafuta. Zisafishe."

"Kwa nini?" Pell akauliza. Alimaanisha kwa kitambaa gani, hakuwa na kitu, lakini sisi tukadhani ameanza ubishi wake, na Dorcas akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Kwa shati lako. Unalo jingine? Hata hilo ni langu."

Tukangoja. Alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Josiah Pell hakubisha. Akavua shati, akapiga magoti, akaanza kufuta. Mgongo wake ulikuwa na mistari ya zamani, ya kabla ya Honora, na mabibi waliokuwepo wakageuza nyuso. Ruddock alisogeza mguu wa pili huku anacheka. Halafu akaacha kucheka akatazama juu, kwenye dari, na akabaki anatazama huko huko.

"Na pembeni," Honora akasema. "Kazi ya nusu nusu siitaki."

Hakimu alikuwa ameweka kalamu chini. "Na viboko?" akauliza, sasa kwa sauti nyingine, ya mtu anayezungumza na mwenzake. "Bosi mwingine angeomba apewe hamsini. Wewe unaomba vingapi?"

Hebu fikiri. Mwanamke anaulizwa mbele ya watu mumewe achapwe vingapi. Akisema hapana, ni mke. Akitaja idadi, Mungu wangu. Honora hakufumba jicho.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nina farasi mmoja tu, na farasi wenyewe ni huyo. Mgongo wake ndio unaobeba kuni zangu na mapipa yangu. Mkimpasua leo, atalala wiki mbili nikimlisha bure. Hasara ni ya nani? Mwenye farasi kumi anaweza kumpiga mmoja. Mimi siwezi. Nitampunguzia chakula, atajifunza."

Mabwana wa dirishani walicheka kwa furaha ya kweli, na mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anaijua kazi kuliko sisi!" Hakimu naye akacheka. Akasema amchukue, na siku atakayokosa tena kuhesabiwa hatarudi kwake. Karani akapiga nyundo, wakaita kesi nyingine.

*

Njiani tuliwapokea kama maharusi. Dorcas alimkumbatia Honora, akaivua ile kofia ya majani akairusha juu, watu wakapiga vigelegele. "Umewamaliza! Nilidhani yule mama wa Kiwandani amefufuka! Sauti ile ile, shoga yangu, mpaka pua!"

Honora akatabasamu kwa shida. Alikuwa akigeuka geuka kumtafuta Pell. Pell alikuwa nyuma yake, shati chafu begani, na yeye akipunguza mwendo, Pell anapunguza, akisimama, anasimama. Kisheria hivyo ndivyo mtumishi anavyotembea na bosi wake, lakini hawa walikuwa hawajawahi kutembea hivyo. Walizoea kwenda bega kwa bega wakigombana.

Nyumbani alimpikia nyama ya kondoo na viazi, na akamkatia kipande cha mkate chenye ukoko, anachokipenda. Pell akasimama karibu na mlango.

"Keti ule," Honora akasema.

Akaketi. Mara moja, bila neno. Hilo lilimwogopesha Honora kuliko korti. Alisogeza kopo la chai. "Nimeweka sukari ya kutosha?"

"Inatosha."

"Hujaionja."

Akaionja. "Inatosha."

Honora akaweka kijiko chini. "Pell. Kama ni yale ya farasi..."

"Umeniokoa," Pell akasema. "Najua. Sasa hivi ningekuwa nimelala kwa tumbo, na kesho niko barabarani. Nashukuru."

"Usinishukuru! Nitukane, lakini usinishukuru."

Pell alikata kiazi vipande viwili, kisha vinne, na hakula hata kimoja. "Nilikuwa nangoja ukwame," akasema. "Pale chini, nafuta vile viatu. Nikasema, sasa hivi Nora atakwama, atakosa neno, sauti itamtetemeka. Hukukwama popote."

"Nikwame vipi? Kila neno nililolisema niliambiwa mimi. Miaka saba! Hilo la shati, hilo la kazi ya nusu, hilo la kupunguziwa chakula. Sikutunga hata moja." Sasa alikuwa analia, kamasi na machozi, ile mikono yenye makovu imeufunika uso. "Sikujua kama yamo humu ndani. Naapa kwa Bikira Maria sikujua."

"Yamo kwangu pia," Pell akasema. "Ningepewa nafasi ningeyasema vile vile. Ndiyo maana nimenyamaza."

Hakumsogelea, wala hakuondoka. Alikula kiazi kimoja. Nje mchinjaji alikuwa amepita na kuacha pipa jipya la mafuta kwenye kivuli cha banda, na kwa joto lile wote wawili walijua lina muda gani. Pell alilitazama kupitia mlangoni.

"Kesho nianze kuyeyusha alfajiri?" akauliza.

Honora alifungua mdomo aseme ndiyo. Mshumaa ndio chakula chao, na nyumba ya padri ilikuwa inangoja mzigo wake. "Ukipenda," akasema.

Pell akainua kichwa. Nadhani tangu apandishwe meli hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo, hata mkewe. Walibishana juu ya kila kitu, lakini mwisho wa siku kazi ilikuwa kazi. Alikaa nalo kitambo, kama mtu aliyepewa sarafu ya nchi asiyoijua.

"Sipendi," akasema.

"Haya," Honora akasema.

*

Asubuhi kengele ya wafungwa ililia, jua likapanda, na moshi haukuonekana kwenye banda lao. Kufikia saa ya chai, mtaa mzima ulikuwa umefunga madirisha. Nzi, jamani! Mke wa fundi viatu alitapika. Mpishi wa padri alikuja akagonga, akaondoka anatukana. Mwisho akaja Dorcas, aproni imefunika pua, akapiga mlango kwa ngumi.

"Nora! Mmekufa humo? Pipa lenu limeoza, pai zangu hakuna anayezigusa!"

"Hatujafa," Honora akajibu kutoka kitandani. "Mtumishi wangu hafanyi kazi leo."

"Hafanyi kazi ana nini?"

"Hapendi."

Dorcas, ambaye Mungu hakumpa kizuizi cha ulimi, akacheka kule nje. "Basi si umrudishe kortini!"

Honora alilala chali, anangoja kusikia Pell atafanya nini. Pell hakucheka. Alikuwa amelala ubavu, mkono wake umelala tumboni kwa mkewe tangu alfajiri, mzito kwa joto lile, na nzi wanatembea juu yake. Hakuutoa.